Nyonga Iliyoteguka

Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha nyonga kwa uthabiti hata hakiwezi kutoka humo ila kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo, katika zama zetu hizi za magari, aghalabu hutoka barabarani: abiria ameketi kiti cha mbele, gari likagonga, goti lake likajipigiza kwenye dashibodi, na kishindo kile kikapita katika paja hata kukisukuma kichwa cha mfupa nyuma, nje ya kikombe chake. Majeruhi wa namna hii hutambulikana upesi, kwa kuwa mguu huonekana mfupi, paja limekunjika na goti limegeukia ndani, wala hawezi kuunyosha, naye asilazimishwe.

Kichwa kile hulishwa na mishipa midogo ya damu ambayo, kiungo kitokapo, huvutika na kubanwa, na kikikaa nje zaidi ya saa 6 hatari ya mfupa kufa huzidi sana. Msiba wenyewe ni kwamba mgonjwa aweza kutembea vyema miezi mingi kabla ya maumivu kudhihirika. Kwa hiyo namsihi kila mwenye jamaa aliyepatwa na ajali hiyo asianze kwa mkandaji, hata awe na sifa njema mtaani, kwani mkono haumwambii mtu kama mfupa umevunjika pia. Eksirei ndiyo ionyeshayo.

Hospitalini tabibu humwambia kwanza mgonjwa anyanyue wayo, maana akishindwa huenda mshipa mkubwa wa fahamu upitao nyuma ya nyonga umeumia. Kisha hupewa dawa ya usingizi ili misuli ilegee, msaidizi akaikandamiza nyonga kwa mikono miwili, naye tabibu, akiisha kukunja paja na goti, huvuta juu polepole huku akilizungusha paja kidogo kidogo, mpaka usikike mlio wa mfupa ukiingia. Njia hii hunasibishwa na Oscar Allis, tabibu wa Philadelphia wa karne ya 19, ijapokuwa Hippocrates wa Uyunani aliandika habari za nyonga kuteguka zaidi ya miaka 2000 kabla yake.

Ama goti lenyewe lililojipigiza kwenye dashibodi likiteguka, wala sisemi pia ya goti, mshipa wa damu upitao nyuma yake waweza kuchanika, na mguu uliokosa damu zaidi ya saa 8 aghalabu hukatwa. Goti hilo pengine hurudi lenyewe njiani, likaonekana limevimba tu; basi mhudumu apapase mapigo ya damu juu ya wayo, alinganishe na mguu wa pili, na arudie tena na tena. Akiukuta wayo ni baridi na hauna pigo, mgonjwa apelekwe usiku huohuo kwa daktari ajuaye kushona mishipa ya damu.