Wasiojua kulia na kushoto

Samaki wa Yona tunamkumbuka wote tangu Shule ya Jumapili, lakini uzito wa kitabu kile uko sura ya 4, nabii akiwa amenuna nje ya mji. Naileta sura hiyo hapa kwa sababu inagusa swali linalotusumbua hapa chuoni: umfanyeje mtu ambaye hafichi kosa lake, kwa kuwa haoni kama ni kosa?

Yona hakukasirika bure. Ninawi, ambayo magofu yake yako ng'ambo ya Mto Tigri kutoka Mosul, Iraki, ulikuwa mji wa Waashuri. Baadaye mfalme wao Senakeribu alichongesha kwenye kuta za kasri lake la pale Ninawi jinsi jeshi lake lilivyouteka mji wa Lakishi: watu wametundikwa mitini, mateka wanaswagwa na watoto wao. Mawe hayo leo yako British Museum, London. Sasa jiulize, nani anapamba sebule kwa kitu kinachomtia aibu? Wale walijivunia kabisa.

Ndipo Mungu anamwambia Yona kwamba mle mna watu zaidi ya 120,000 wasiopambanua mkono wa kulia na wa kushoto, tena na wanyama wengi. Wapo wafafanuzi wanaosema hao ni watoto wachanga. Inawezekana, ila mimi naona maneno yale yanaubeba mji mzima. Na tusisahau kwamba Mungu huyohuyo mwenye huruma ndiye aliyemtuma Yona akatangaze siku 40. Aliwaonea huruma na bado wakaambiwa.

Thoma wa Akwino, karne ya 13, alilichambua jambo hili kwa makini. Alisema dhamiri iliyopotoka bado inamfunga mwenye nayo: ukiamini jambo ni baya ukalifanya, umetenda dhambi. Lakini dhamiri hiyo haimwokoi kila mara. Kama kutojua kwako kumetokana na uzembe, yaani ulipaswa kujua na ungeweza kujua, lawama ni yako. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtu, uliza kwanza: huyu aliwahi kuambiwa na nani?

Mwaka jana mwenzetu mmoja katika kikundi cha semina alileta sehemu yake ya kazi, yote kaichota intaneti, neno kwa neno, na uso umejaa furaha kwamba ametusaidia. Sekondari alikosoma, alituambia, ukinakili notisi za mwalimu bila kukosea unapata alama zote. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sentensi ina mwenyewe.

Nusu ya kikundi walitaka jina lake lifutwe na achomwe kwa mhadhiri. Hao niliwaelewa, walikuwa wamekesha kwa kazi yao, kama Yona alivyokuwa na sababu zake. Wengine wakasema mwacheni bwana, chuo ndivyo kilivyo. Hili la pili ndilo linaloitwa huruma mara nyingi, nami silikubali hata kidogo. Mtu anaelekea kwenye disko, wewe unamchekea!

Dada mmoja wa kikundi ndiye aliyekaa naye maktaba jioni mbili, aya kwa aya, akimwonyesha maneno yapi si yake. Jamaa alibisha kwanza: kwani maarifa si ya wote? Kisha akanyamaza. Kisha akakasirika, akaondoka, na kesho yake akarudi na daftari. Dada hakumwita mwizi hata mara moja, na hakukubali hata mstari mmoja wa kuchota upite.

Kazi ikachelewa siku moja. Tulikatwa alama tano, kikundi kizima, na wawili kati yetu mpaka leo wanazilalamikia.