Uchina, China na Ubushinwa: Asili ya Jina na Matumizi Yake katika Tafsiri Rasmi Nchini Rwanda

Wachina wenyewe huiita nchi yao Zhongguo, yaani nchi ya katikati. Jina China walipewa na wageni. Wataalamu wengi hulihusisha na utawala wa Qin, uliounganisha dola mwaka 221 KK, ingawa wapo wanaohoji kwamba neno la Kisanskriti Cina huenda liliutangulia. Kutoka India neno lilipita Uajemi likawa Chin. Waarabu, ambao lugha yao ya fasihi haina sauti hiyo ya mwanzo, walitamka Sin, na tawi hilo ndilo lililofika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na vyombo: sinia la kupakulia pilau limebeba jina la China bila wengi kulitambua.

Kinyarwanda kilifuata njia nyingine. Kwa sauti zake, Ubushinwa haukutokana na Chine, jina la nchi kwa Kifaransa, bali na Chinois, jina la mwenyeji wake. Mzizi -shinwa ulipokea viambishi vya kawaida, ukazaa Umushinwa, Igishinwa na Ubushinwa, sawa na Ubudage na Ubufaransa. Mtafsiri wa Kigali akikutana na ubu- huandika u- bila kusita, na tokeo lake ni Uchina. Hilo si kosa. Ni umbo la kale lenye mantiki ileile ya Ujerumani na Ureno. Hata hivyo, matumizi yanaelekea kuliacha, kama yalivyoiacha Uhindi na kushika India. Matangazo ya Kiswahili kutoka Beijing, yaliyoanza mwaka 1961, husema China.

Tofauti hii ingebaki ya wanaisimu peke yao kama Kiswahili kisingalikuwa lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017. Uhusiano wa kibalozi ulioanzishwa tarehe 12 Novemba 1971 ni na Jamhuri ya Watu wa China. Mtafsiri anayefupisha na kuandika “Jamhuri ya China” huwa ametaja jina rasmi linalotumiwa na serikali ya Taiwan, na hapo ufupisho umegeuka kuwa msimamo wa kidiplomasia ambao hakuna aliyeukusudia. Kwa hiyo katika mikataba jina kamili liandikwe lote, kwa umbo China. Uchina iachiwe masimulizi na historia, na faharasa za nyaraka ziorodheshe maumbo yote mawili, kwani anayetafuta moja hataliona faili lililoandikwa kwa jingine.