Machicha ya Matunda na Sukari Mwilini

Katika milima ya Usambara, ambako Lushoto, kwa kimo chake cha mita 1,400 hivi, hustawisha miti isiyostahimili joto la Tanga, plamsi, mapeasi na mafyulisi huteremshwa kwa matenga kupitia Soni hadi Mombo, na mengine hukamuliwa juisi au kupikwa jemu huko huko mlimani. Na popote yakamuliwapo hubaki machicha, yaani maganda na nyuzinyuzi, ambayo aghalabu huishia kwa mifugo au shimoni.

Kwa rai yangu, juisi ndiyo itupasayo kuitilia shaka, wala si machicha. Mwaka 1977 wataalamu wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu 10 wenye siha matufaha mazima, kisha yaliyopondwa, kisha maji yake matupu, kwa kadiri moja ya sukari. Ikadhihirika kwamba maji hayakuwashibisha kama tunda, yaliipandisha insulini zaidi, na baadaye sukari ya damu ikaporomoka. Sababu ni kuwa nyuzinyuzi, hasa pektini, ile ile igandishayo jemu, hugeuka ute mzito tumboni na kuichelewesha sukari njiani. Zikiondolewa, sukari huingia kwa ghafula, na fruktosi, yaani sukari ya matunda, ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, huihesabu sukari ya juisi pamoja na ile tutiayo katika chai, ijapokuwa hakuna aliyeiongeza.

Tabibu Hugh Trowell, aliyehudumu Kenya na Uganda takriban miaka 30, alishikilia kwamba kupungua kwa nyuzinyuzi chakulani kunahusiana na kisukari. Panya waliolishwa sukari na mafuta mengi, wakaongezewa machicha ya matufaha, wameonekana kupungukiwa na mafuta ya ini; lakini panya si binadamu, na mgonjwa asithubutu kuacha dawa zake kwa ajili ya habari hiyo.

Mwenye kutaka kuyachanganya machicha na unga wa mkate au uji, basi na aondoe kwanza kokwa, kwani viini vya kokwa za plamsi na mafyulisi huzaa sayanidi, ambayo ni sumu kali. Ayaanike siku ile ile, kabla hayajachacha. Na ayapate kwa mkulima asiyepuliza dawa karibu na mavuno, kwa maana dawa hukaa gandani, mahali pale pale zilipo nyuzinyuzi tuzitafutazo.