Degedege na Jina Lake

Katika vijiji vya Unguja na Pemba, mtoto akipanda joto husemwa kuwa ana homa. Lakini akikakamaa na kupindua macho, maradhi hubadilika jina. Sasa ni degedege, na wapo wasemao kuwa ni shetani aliyempitia. Hapo ndipo mtendaji wa afya na mama wa mtoto wanapopotezana.

Mtendaji humwita mama huyo mjinga. Sisi hatukubali. Wataalamu wa mila na maradhi waliofanya uchunguzi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliwakuta wananchi wakiijua malaria na kuzikubali dawa zake. Ila degedege waliihesabu kuwa ni ugonjwa mwingine kabisa. Mama anayemfukiza mwanawe kwa mavi ya tembo haidharau hospitali. Anaogopa sindano, kwa kuwa ameambiwa mwenye degedege akichomwa hufa. Na hakika wako waliokufa baada ya kuchomwa, kwani walifikishwa wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tumevaa hirizi, na hatuoni haja ya kumkemea aliyeifunga. Ivaliwe, lakini safarini kwenda kituo cha afya. Mwalimu wa chuo na mganga wakilisema neno hilo, litasikilizwa kuliko mabango yote.

Haraka hiyo ina sababu. Mradi wa kufuta malaria, ulioanza mwaka 1957 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, uliipunguza mno visiwani. Ukasimamishwa mwaka 1968, na malaria ikarejea. Dawa ya mseto iliyoanza kutolewa mwaka 2003, pamoja na vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani tangu mwaka 2006, viliwashusha wenye vimelea hadi chini ya mmoja katika kila watu 100. Lakini mtoto aliyekua bila malaria hana kinga nayo, na mama yake kijana hajazoea kuiona. Degedege ikimshika, iwe kwa malaria au kwa homa nyingine kali, hakuna wakati wa kubishana juu ya jina.

Basi muuguzi na aulize kwa neno la mama mwenyewe: je, ameshikwa na degedege? Na watendaji wanaohimiza watoto wawahishwe hospitali watuambie pia, saa nane za usiku, kijijini kusiko na gari, mama huyo atakwendaje.