Uhalisi wa Mito katika Michezo ya Vita ya Mezani: Tatizo la Skeli na Mfano wa Mto Rhine kule Remagen

Katika mchezo wa vita wa mezani, mto hutekeleza kazi mbili ambazo aghalabu hukinzana. Kwa upande mmoja, ni sehemu ya mandhari inayopaswa kumshawishi mtazamaji kwamba anaona maji. Kwa upande mwingine, ni kizuizi kinachopimwa kwa rula, na upana wake huamua kama kikosi kitavuka, kitachelewa au kitaangamia. Waundaji wengi huelekeza juhudi zao kwenye kazi ya kwanza. Makala haya yanashikilia kwamba ni ile ya pili inayopaswa kutangulia, kwa kuwa mto unaong'aa vizuri lakini wenye upana usiofaa hupotosha maana ya mapigano yenyewe.

Tatizo hili si geni. Meza ya mchezo ambayo Reisswitz, baba, alimkabidhi mfalme wa Prussia mwaka 1812 ilikuwa na vigae vya plasta vilivyoweza kupangwa upya. Mwanawe, katika toleo la mwaka 1824, aliachana na vigae na kutumia ramani za skeli ya 1:8,000. Juu ya ramani, mto na kikosi hupimwa kwa skeli moja. Mchezo wa leo, unaotumia sanamu za askari na vifaru, hauna fursa hiyo: sanamu ina skeli yake na ardhi ina yake.

Daraja la Ludendorff kule Remagen, Ujerumani, linadhihirisha jambo hili. Tarehe 7 Machi 1945 askari wa Marekani waliliteka baada ya jaribio la Wajerumani la kulilipua kushindwa kuliangusha. Lilikuja kuporomoka lenyewe tarehe 17 Machi. Urefu wake ulikuwa takribani mita 325. Kwa vielelezo vya skeli ya 1:100, daraja hilo lingehitaji mita 3.25, ilhali meza ya kawaida ina sentimita 180 kwa 120. Hata kwa skeli ya 1:300 lingechukua sentimita 108, na kuacha sentimita 72 tu kwa kingo zote mbili, pamoja na mji wa upande wa magharibi na mlima wa Erpeler Ley upande wa mashariki.

Mwundaji anapokabiliwa na hesabu hiyo, kishawishi chake ni kuufinya mto hadi sentimita 20 na kuendelea na kazi. Hapo ndipo kosa hutokea. Ichukuliwe kwamba kanuni za mchezo zinaipa bunduki masafa ya sentimita 60 kuwakilisha mita 300. Skeli ya ardhi basi ni 1:500, na daraja linastahili sentimita 65. Likifupishwa hadi 20, askari anayelivuka anakuwa wazi kwa mita 100 tu badala ya zaidi ya 300, na mlinzi wa ng'ambo anapoteza faida ambayo mto ulimpa. Kwa hiyo urefu wa daraja na upana wa maji vifuate masafa ya silaha, lakini upana wa njia ya daraja ufuate sanamu: kifaru cha Sherman cha 1:100 kina upana wa karibu sentimita 2.6, na hakitapita kwenye daraja lililochongwa kwa 1:500. Matokeo ni daraja nene kupita kiasi. Jicho husamehe unene huo upesi zaidi kuliko mchezo unavyoweza kusamehe mto mwembamba.

Kwa vijito hali ni tofauti, kwani meza inatosha na umbo ndilo linalosaliti. Katika mito ya asili, mpindo mmoja kamili, yaani wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, huwa na urefu wa takribani mara 10 hadi 14 ya upana wa mkondo. Kijito cha sentimita 5 kinapaswa basi kukamilisha mpindo kila sentimita 50 hadi 70. Vijito vingi vya mezani hujipinda kila sentimita 15, vikafanana na nyoka aliyeshtuliwa. Aidha, mkondo humomonyoa ukingo wa nje wa kona na kurundika mashapo upande wa ndani. Ukingo wa nje uchongwe wima, na wa ndani ushuke taratibu kwa mchanga na changarawe. Kina huwa kirefu kwenye kona na kifupi katikati ya kona mbili, na hapo ndipo mahali pa kuvukia kwa miguu. Kwa njia hii umbo la kijito linaandika kanuni zake lenyewe: mchezaji huona mahali pa kuvukia bila kuelekezwa.

Kuhusu rangi, buluu ndiyo kosa la kawaida kuliko yote. Yeyote aliyeiona Rufiji au Tana wakati wa masika anajua kwamba rangi ya mto hutokana na kile unachokibeba. Sakafu ya mto ipakwe kahawia au kijani iliyokolea katikati na kufifishwa kuelekea kingo, kwani kinachoonekana kuwa kina ni rangi hiyo wala si unene wa resini. Resini ya sehemu mbili humiminwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikiachwa igande, kwa sababu tabaka nene hutoa joto jingi na huweza kupasuka. Mianya yote izibwe kabla, maana resini huvuja penye ufa mdogo kabisa. Ikiwa kingo zimechongwa kwa povu la polistirini, zifunikwe kwanza kwa gundi nyeupe. Baadhi ya viyeyusho na rangi za kupuliza hulila povu hilo.

Resini pia hujisawazisha, hivyo haifai kwa kijito kinachoteremka mlima. Huko hutumika jeli ya akriliki inayogongwagongwa kwa brashi, ambayo pia huonyesha mwelekeo wa maji: hujikusanya mbele ya nguzo za daraja na kuacha mkia wa mawimbi nyuma yake. Pale Remagen mkia huo unapaswa kuelekea kaskazini.