Patasi Mikononi mwa Vijana wa Lamu

Siku hizi ikitajwa sanaa kwa vijana, aghalabu watu hufahamu rangi za ukutani na michezo ya jukwaani. Sina ugomvi nazo. Lakini huku kwetu pwani ipo sanaa waliyofundishwa vijana kabla neno "mradi" halijazoeleka vinywani mwetu, nayo ni uchongaji wa milango.

Aliyepita vichochoro vya Lamu hahitaji kuelezwa: miimo miwili, kizingiti cha juu kilichojaa nakshi, mfaa uliosimama katikati, na pengine mwaka wa Hijria umechongwa juu yake. Kwa kuwa dini yetu haikupenda sanamu za viumbe wenye roho, fundi aliielekeza akili yake kwenye mawaridi, majani, minyororo na maandishi. Siyu nako kulisifika kwa mafundi wa mbao.

Mafunzo yenyewe yalifanana na chuo chetu cha Kurani. Sisi tulianza na alifu juu ya ubao, na aliyeharakia kusoma sura kabla ya kuzijua herufi alirudishwa nyuma. Kijana wa fundi naye alianza kwa kufagia maranda na kunoa patasi, kisha akapewa bikari achore duara ndani ya duara mpaka mkono utulie. Kizingiti cha mwenye nyumba hakukigusa upesi; mbao za mbambakofi si za kuchezea.

UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Makumbusho ya Taifa nayo, kwa kituo chake cha utamaduni wa Waswahili, yamewafundisha vijana wengi kazi hii. Jambo jema kabisa. Swali langu ni la siku ya pili yake: kijana akishahitimu, amchongee nani?

Nilikutana na mmoja wao Mokowe, ng'ambo ya maji, akibeba abiria kwa pikipiki. Patasi zake, alisema, amezifunga kitambaani, ziko chini ya kitanda.

"Ami, watu huja wakauliza bei ya mlango," aliniambia. "Nikiwatajia, huenda wakanunua wa chuma."

Mkono mtupu haulambwi. Fundi wa zamani hakuwa na cheti, lakini alikuwa na mteja: mtu akimjengea binti yake nyumba ya kuolewa, mlango uliagizwa mapema na vijana wa karakana wakala humo. Miradi yetu hulipia mwalimu na mbao za mazoezi, ikamsahau mteja. Sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 huzuia milango ya kale isisafirishwe nje bila kibali, lakini sheria haichongi mlango mpya.

Basi nasema na kamati za misikiti na madrasa, kwani nyinyi hujenga na kukarabati kila mwaka. Mlango mmoja tu ukipewa vijana, chini ya fundi mzee wa kuwasimamia, na malipo yakaandikwa, mradi utakuwa na maana. Wenye nyumba vilevile, na serikali ya kaunti inapojenga ofisi.

Kijana wa Mokowe hakuomba msaada. Alisema akipata mtu mmoja wa kumlipa nusu kwanza, atanunua mbao, na pikipiki atamwachia nduguye.