Kujifungua na Kufungwa Mkaja

Mgeni mmoja, mtu mwema lakini mwenye haraka, alikuwa akipita katika nyumba za Dzaleka na kuandika hali za watu katika daftari lake, na alipofika kwa jirani yangu akamkuta mke wa nyumba ile amelala nyuma ya pazia la kitenge, mtoto ubavuni, mlango umerudishwa na sufuria ya maji inachemka uani, aliuliza mama huyu amelala tangu lini. Akajibiwa kuwa siku ile ilikuwa ya ishirini na tatu, na kwamba zimebaki kumi na saba. Mimi nilikuwapo, nikalisikia neno alilomwambia mkalimani wake kabla hajaliandika: amefungiwa. Sikumjibu, maana nyumba ya mzazi si mahali pa kushindana. Lakini neno lile limenikaa moyoni kitambo kirefu, na haya ninayoyaeleza ni jibu nililolizuia siku ile, wala si jibu lake peke yake, kwani siku hizi nawasikia hata binti zetu wakilitamka neno lilo hilo, tena kwa ulimi mwepesi kuliko wake.

Kufungiwa tunakujua. Dzaleka iko Malawi, katika wilaya ya Dowa, si mbali na jiji la Lilongwe, na kabla haijafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 palikuwa gereza, ambamo zama za utawala wa Kamuzu Banda waliwekwa watu bila ya kuhukumiwa. Jina lenyewe limetokana na neno la Kichewa kuleka, yaani kuacha, na wenyeji hulifasiri kuwa ni ahadi ya mfungwa kwamba hatarudia tena. Sisi tuliokuja baadaye kutoka Congo, Burundi na Rwanda tulikuta mahali palipokadiriwa watu elfu kumi na kitu, nasi leo tumepita 50,000, na sera ya nchi humtaka mkimbizi akae kambini. Mtu aishiye mahali kama hapa hahitaji kufundishwa maana ya kufungwa. Na mimi nashuhudia kwamba mwanamke aliye nyuma ya pazia lile ndiye mtu ambaye, kwa siku arobaini, hakuna awezaye kumwamuru ainuke, si mume, si mkwe, wala njaa ya watoto wake wakubwa, maadamu wapo wanawake waliosimama mlangoni kwa ajili yake.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kasongo katika nyumba ya waungwana, akaolewa Ujiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu waliofuata njia ya misafara na kuishika adabu ya pwani hata walipokuwa hawajapata kuiona bahari. Yeye alikuwa akituambia kwamba kujifungua ni kazi ya mmoja, nayo huisha kwa siku moja au mbili, lakini kukifunga kilichofunguka ni kazi ya wengi, nayo hutaka siku arobaini. Nyonga zimefunguka, mji wa mtoto umefunguka, maziwa yamefunguka, na moyo nao umefunguka kwa hofu na kwa mapenzi kwa pamoja. Je, ni haki mwanamke aliye wazi namna hiyo kuachwa ajifunge mwenyewe? Hapo ndipo unapoanza mkaja, nguo ya kumfunga mzazi tumbo, na hapo ndipo ninapoomba niruhusiwe kukawia.

Mkaja wa bibi ulikuwa merikani, mpana wa shubiri mbili na mrefu wa mikono minane, uliolainika kwa kufuliwa. Mzazi hulazwa chali juu ya mkeka, magoti ameyakunja, na mwenye kumfunga huweka kwanza kiganja chini ya kitovu autafute mji wa mtoto, ambao katika siku za mwanzo huwa mgumu na mviringo kama dafu changa. Akishaujua ulipo huanza kufunga kutoka chini kwenda juu, wala si kinyume chake, kwa kuwa afungaye kutoka juu hukisukuma chini kile kinachotakiwa kupanda. Vidole viwili sharti vipite baina ya nguo na ngozi. Hapa Dzaleka merikani hatuna, twafunga kwa kitenge kilichokunjwa mara tatu, na mkunjo wa mwisho huchomekwa ubavuni, kamwe si mgongoni, ili mzazi aweze kuufungua kwa mkono wake mwenyewe apendapo. Naomba yule mgeni aliyeandika neno lake alikumbuke hili: pindo la mkaja huwa mkononi mwa mwenye kufungwa.

Kabla ya mkaja ni kukanda. Asubuhi na jioni maji huchemshwa na majani, kwa bibi yangu yalikuwa ya mwarobaini, huku kwetu aghalabu ni ya mkaratusi. Kitambaa huchovywa, hukamuliwa, na mwenye kukanda hukiweka kwanza ndani ya mkono wake mwenyewe, na kama yeye hakistahimili hakimgusi mzazi. Huanzwa mgongo, zikafuata nyonga, kisha tumbo, na mwisho miguu. Maji yanayobabua ngozi si mila, ni ujinga, na aliyezaa kwa kupasuliwa hakandwi tumbo wala hafungwi mpaka waliomshona waseme. Bibi hakuzijua hospitali za leo, lakini kidonda alikijua. Na wale wanaodhani kwamba kukanda ni maji na kitambaa tu, hawajapata kukaa chumbani humo. Mwenye kukanda husikia kwa kiganja: huijua homa kabla mzazi hajaisema, hulijua ziwa lililofanya jiwe, huijua damu iliyobadilika harufu, na humjua mwanamke ambaye mwili wake wapona lakini hamtazami mtoto wake, anayelia bila ya sababu anayoweza kuitaja. Mara mbili kila siku, kwa siku arobaini, mzazi hupita katika mikono ya mtu anayemjua. Ni mizani gani nyingine ya siha iliyo na subira kama hiyo?

Chakula nacho kina heshima yake. Uji wa ulezi wenye pilipili manga, tangawizi na samli, mchuzi wa kuku wa kienyeji, na kwa Wakongo wa Fizi na Uvira sombe, ambayo watu wa pwani huiita kisamvu, iliyotwangwa na kupikwa na mawese. Samli hapa ni ndoto. Tumejifunza kwa wenyeji kutia unga wa karanga, ambao wao huuita nsinjiro, na dagaa wao wa ziwani, usipa, na siamini kuwa bibi angalizikataa karanga za huku.

Hirizi ya mkononi, wanja wa nyusi, mtoto kutopitishwa njia panda: hayo sina la kuyatetea, aliye nayo na awe nayo.

Na haikuwa desturi ya watu wa Kiswahili pekee. Warundi na Wanyarwanda wana guhemba, ambayo ni kumwendea mzazi kwa zawadi na uji wa mtama ili apate nguvu na maziwa, na Wanyarwanda, siku ya nane, huwakusanya watoto wa jirani wale chakula na kumtajia mchanga majina, kila mtoto na jina lake. Wachewa wana chikuta, yaani chumba na muda wa mzazi kukaa ndani, na mama wa Kimalawi atakuambia "ali m'chikuta" kwa staha ile ile ambayo sisi husema fulani yumo uzazini. Wala Kiswahili chenyewe si mgeni katika nchi hii: Jumbe Salim bin Abdallah alitia makazi Nkhotakota, ukingoni mwa ziwa, katika miaka ya 1840, na sidhani wanawake wa misafara ile waliiacha mikaja yao njiani. Neno letu kubeleka, la kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, kwa Wachewa ni kubereka, nalo kwao lina maana mbili, kubeba mgongoni na kuzaa pia, kana kwamba lugha yao haikukubali kuitenganisha siku ile moja na siku zinazoifuata.

Hilo la lugha si pambo. Mwanamke wa kwetu aliyefikisha mwezi wa nane hufundishwa na wenzake, wanaporudi pamoja kutoka sikelo, ambalo ndilo jina la kliniki ya wajawazito katika nchi hii kwa sababu ya mizani inayowapokea, maneno yatakayomfaa siku ya uchungu. Hukaa chini ya mti, wengine wamekunjua miguu iliyovimba, na asiyezaa huuliza, aliyekwisha kuzaa hujibu. Maumivu? Kuwawa. Damu? Magazi. Nikiambiwa "kankhani"? Sukuma, dada, kwa nguvu zako zote. Nikiambiwa "pumani"? Vuta pumzi. Nimewaona wakilikariri darasa hilo kama wanafunzi wa chuoni walikariripo alifu na be, na nikakumbuka kwamba zamani mwari alikuwa na kungwi wake mmoja aliyemfunza kwa siri, na hawa leo ni makungwi wao kwa wao, tumbo kwa tumbo. Huambiana walalie ubavu wa kushoto. Huambiana kwamba kichwa kinachopasuka kwa maumivu, macho yanayoona nyota na uso uliovimba ni dalili ya kifafa cha mimba, si uchovu, na haingojwi asubuhi. Huhesabiana vidonge vya kuongeza damu na dozi za Fansidar za kuzuia malaria, ambazo Malawi ilitangulia nchi zote za Afrika kuzifanya kanuni, mwaka 1993. Hukumbushana vya kutia katika beseni la kujifungulia: wembe mpya, uzi, karatasi ya plastiki ya kutandika, vitenge vitatu, sabuni, na fedha ya gari iliyofungwa katika pindo, kwa kuwa uzazi ukiwa mzito mtu hupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa au mbele zaidi. Na kuna swali la mwisho, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: nani atakaa na watoto?

Wakunga wa nyumbani, azamba kama waitwavyo huku, serikali iliwakataza kuzalisha mwaka 2007, ikalegeza mwaka 2010, na tangu wakati huo machifu wa mahali pengi wameweka faini kwa azaliaye nyumbani. Mimi nilizaliwa mikononi mwa mkunga, na hata hivyo sidai zama zile zirudi. Nimewaona wanawake walionyweshwa mwanamphepo, dawa ya mizizi ya kuuharakisha uchungu, na nimekaa matanga ya mmoja wao. Mji wa mtoto ukipasuka hakuna mkaja utakaoufunga. Uchungu na uende hospitali. Ninachokataa ni kwamba siku arobaini nazo zitupwe katika shimo moja na mwanamphepo. Fakihi wa Kishafii atakuambia kwamba nifasi aghalabu ni siku arobaini, na kikomo chake sitini. Na Shirika la Afya Duniani, ambalo halikusoma kwa fakihi, lataka mzazi atazamwe siku ya kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha katika wiki ya pili, kisha wiki ya sita. Wiki sita ni siku arobaini na mbili. Basi kile ambacho daktari hukiita muda wa kupona, kwa nini kwetu kiitwe kifungo?

Desturi hii, nasema kwa uchungu, haikuuawa na hospitali. Imeuawa na upweke. Katika Mitundu, senta ya biashara iliyo kusini mwa Lilongwe, palikuwa na wanawake wa kwetu waliofungua maduka ya sukari, sabuni na mafuta baina ya wakulima wa mahindi na tumbaku, na nilipokuwa nikiwatembelea nilikuta kwamba mzazi wa Kirundi amekandwa na Mkongo, uji wake umepikwa na mama wa Kichewa wa nyumba ya tatu, na duka lake limekaliwa na binti wa Kinyarwanda, wala hakuna aliyeona ajabu. Mwezi wa Machi 2023 ilitoka amri kwamba wakimbizi wote walio mijini na vijijini warejee Dzaleka. Maduka yanaweza kuhesabiwa. Mikono iliyokuwa imezoeana haikuhesabiwa na mtu. Yule mama wa nyumba ya tatu hakuhamishwa, yuko kwake hata leo, na wenzake wametawanyika katika kambi ambamo jirani ni mtu aliyefika jana. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara, kila mmoja ana foleni yake, na nimemwona kwa macho yangu msichana aliyezaa Jumamosi akiwa amesimama kisimani Jumanne, ndoo kichwani, damu imemshuka hadi kifundo cha mguu, naye akaniambia, "Shangazi, nimeamua kuwa wa kisasa." Hakuwa wa kisasa. Hakuwa na mtu.

Kwa ajili ya msichana yule, ambaye nilimrudisha ndani siku ile ile, tumefanya jambo ambalo bibi hakulijua, kwa kuwa yeye hakulihitaji: tumezigawa siku arobaini makumi manne, kama watu wagawavyo mwezi wa Ramadhani makumi matatu. Kumi la kwanza alilichukua mama mmoja wa Uvira, ambaye mkono wake wa kukanda ni mwepesi kuliko wetu sote. La pili mjane wa Kirundi, aliyeleta unga wa mtama wa akiba yake. La tatu Mchewa wa kijiji cha jirani anayekuja kuuza mboga kambini, ambaye alisikia habari tu akasema ameingia. Hatuna merikani wala samli, na maji twayateka kwa zamu. Leo ni siku ya ishirini na tisa, mtoto amenenepa mashavu, na mama yake bado yuko nyuma ya pazia. Kumi la mwisho ni langu, na pilipili manga nimekwisha kuitwanga.